Askari Nje ya Zamu: Pombe, Bangi na Kambi za Jinja na Mbale tangu 1897

Tarehe 17 Oktoba 2018 Kanada ilihalalisha bangi kwa raia wake, na jeshi la nchi hiyo likalazimika kuamua la kufanya na askari wake. Halikupiga marufuku moja kwa moja, lilihesabu saa. Mwanajeshi asiitumie ndani ya saa 8 kabla ya kuingia kazini, wala ndani ya saa 24 kabla ya kushika silaha yenye risasi. Na wale wa kazi za hatari zaidi, kama wazamiaji na wahudumu wa nyambizi, wajizuie kwa siku 28. Jirani yake Marekani imeshikilia msimamo mwingine: hata pale ambapo sheria ya jimbo inamruhusu raia, mwanajeshi anayepatikana na dalili za bangi mwilini huhesabiwa kuwa mkosaji, awe kazini au likizoni.

Mifano hiyo miwili sasa hutajwa hata katika mijadala ya Afrika Mashariki kana kwamba kilichobaki ni kuchagua mmoja. Makala hii inaona kwamba uchaguzi huo ni wa haraka mno. Hesabu ya saa ina maana pale tu ambapo zamu ina mwanzo na mwisho, na bunduki hubaki ghalani askari anapokwenda nyumbani. Historia ya kambi za mashariki mwa Uganda, hususan Jinja na Mbale, inaonyesha kwamba mpaka huo kati ya kazi na mapumziko haukuwahi kuchorwa vizuri; na kwamba penye ukosefu wa mpaka huo ndipo palipotoka hatari, zaidi ya palipotoka kileo.

Tuanze na uasi wa 1897. Askari wa Kisudani walioletwa Uganda na Lugard mwaka 1891, kutoka katika mabaki ya jeshi la Emin Pasha, ndio waliokuwa uti wa mgongo wa utawala wa Kiingereza. Mwezi Septemba 1897 walipoamriwa kuandamana na msafara wa Meja Macdonald, waligoma huko Eldama Ravine, wakarudi magharibi, na mwezi Oktoba wakaishika ngome ya Luba katika Busoga, ufukoni mwa ziwa, mashariki ya Jinja ya leo. Meja Thruston, aliyekuwa akiwaamini, aliuawa humo. Madai yao yanajulikana vema: mshahara mdogo uliolipwa kwa nguo na kwa kuchelewa, safari zisizokoma, na kutenganishwa na wake na watoto. Ukiyatazama madai hayo kwa makini, yote yanahusu muda ambao si wa kazi. Askari hao hawakukataa kupigana. Walikataa kutokuwa na nyumbani.

Miongoni mwa waliotumwa kuwazima walikuwamo Masingasinga kutoka India. Hapa pana jambo la pembeni linalofaa kukumbukwa. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, Tume ya Bangi ya India ilikuwa imetoa taarifa yake ya 1893–94, mojawapo ya chunguzi kubwa kabisa za mmea huo katika karne ya 19. Tume hiyo ilihitimisha kwamba matumizi ya kiasi hayakuwa na madhara makubwa na kwamba marufuku kamili haikuhitajika. Hata hivyo, Mkutano wa Geneva wa 1925 ulipoiingiza bangi katika udhibiti wa kimataifa, kwa msukumo mkubwa wa ujumbe wa Misri, Uingereza ilitia saini na makoloni yakafuata. Kwa hiyo marufuku iliyorithiwa na Uganda haikutokana na uchunguzi wowote uliofanywa Busoga au Bugisu. Ilifika kwa meli, kama mihuri ya posta.

Mambo yalikuwa tofauti kwa pombe. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 uliweka vikwazo juu ya pombe kali barani Afrika, lakini askari aliyetaka kunywa hakukosa. Wanubi, ambao ni wazao wa askari walewale wa Kisudani, walikuwa na ujuzi wa kugema araki, na neno waragi huhusishwa na jina hilo. (Simulizi ya mtaani kwamba linatokana na maneno ya Kiingereza ya vita na jini inapendeza kuliko inavyoshawishi.) Kinywaji hiki kilichozaliwa pembezoni mwa kambi kilikuwa haramu kwa miongo mingi. Kisha serikali ya Uganda huru ikapitisha Sheria ya Enguli ya 1965: mgemaji apate leseni, auze kwa kiwanda, na kiwanda kitoe waragi iliyosafishwa, yenye chupa na kodi. Ugemaji wa kificho haukwisha, lakini taifa lilikwisha kupata njia ya kukizungumzia kileo bila kukikana. Jinja yenyewe wakati huo ilikuwa na kiwanda cha bia ng'ambo ya mto, Njeru, na bia iliuzwa katika kantini za askari. Bangi haikupata kiwanda, leseni wala kantini. Hata jina lake lilibaki na sifa mbaya. Waganda huiita njaga au njaye, na wengi hulihusisha jina bayaye, yaani vijana wahuni wa mitaani, na njaye hiyo. Neno bangi nalo ni la Kiswahili, na Kiswahili nchini Uganda kilikuwa kwa muda mrefu lugha ya kambi. Kwa hiyo, kwa maoni yetu, raia alilisikia neno hilo pamoja na mshindo wa buti.

Uasi wa pili wa Jinja ulitokea tarehe 23 Januari 1964, siku tatu baada ya ule wa Tanganyika. Waziri Felix Onama alikwenda kambini kuzungumza, akazuiliwa na askari mpaka alipokubali kuwaongezea mishahara. Obote aliomba msaada wa majeshi ya Uingereza. Madai yalikuwa mshahara na maafisa wa Kizungu. Mwezi Julai 1971, kambi hiyohiyo ya Jinja ilikuwa mojawapo ya mahali ambapo askari wa Kiacholi na Kilango waliuawa na wenzao. Hilo lilikuwa suala la siasa na kabila. Hatusemi kwamba askari wa enzi hizo walikuwa hawalewi. Wakazi waliopita kwenye vizuizi vya barabarani katika miaka ya 1970 na 1980 wanajua harufu walizokutana nazo. Lakini aliyekuwa kizuizini na bunduki, akidai fedha, alikuwa kazini. Kumkataza kileo cha nyumbani kusingemwokoa msafiri.

Mwaka 1987 majeshi mawili yenye miiko yalikutana katika eneo hili. Wafuasi wa Alice Lakwena walishuka kutoka kaskazini kupitia pande za Mbale na Tororo, wakiwa na masharti ya Roho Mtakatifu yaliyokataza, pamoja na mengine, pombe na sigara. Katazo lao halikuwa na mpaka wa muda: lilihusu usafi wa nafsi, usiku na mchana. Walishindwa Magamaga, karibu na Jinja. Jeshi lililowashinda, NRA, lilikuwa na kanuni yake ya mwenendo iliyotoka msituni, nayo ilikataza pombe hadi vita viishe. Tofauti hii haijapewa uzito unaostahili. Kanuni ya NRA haikusema kwamba kileo ni dhambi. Ilisema kwamba kuna wakati wa kazi, na wakati huo utakwisha. Ndani ya maneno hayo machache mna fikra ileile ambayo Wakanada waliiandika kwa saa zaidi ya miaka thelathini baadaye. Mtunga sera wa Uganda hahitaji kwenda Ottawa kuitafuta.

Kilichokosekana ni utekelezaji wa wakati wa amani. Sheria ya UPDF ya 2005 humweka mwanajeshi wa kudumu chini ya mamlaka ya kijeshi muda wote, na kosa lolote la sheria ya nchi laweza kuhesabiwa kosa la kijeshi. Askari anayeishi na familia yake katika nyumba za kambi ya Gaddafi mjini Jinja, au Bugema pembezoni mwa Mbale, analala hatua chache kutoka kazini, na anaweza kuamshwa saa nane usiku. Kwake, saa 8 za Kanada hazihesabiki. Kwa sababu hiyo, hatuungi mkono ruhusa ya kuvuta bangi ndani ya kambi hizo, hata kwa asiye na zamu. Aidha, mwanajeshi hawezi kupewa haki ambayo mvuvi wa Walukuba hana. Mahakama ya Katiba ilipoibatilisha sheria ya dawa za kulevya ya 2015 mwezi Mei 2023, sababu ilikuwa akidi ya Bunge siku ya kuipitisha, wala si haki ya mtumiaji. Na kufikia Agosti mwaka huohuo Bunge lilikuwa limepitisha muswada mwingine.

Hata hivyo, yupo askari mwingine: aliye likizoni kijijini mwake kwenye miteremko ya Elgon, bila sare, bila bunduki, mwenye barua ya ruhusa inayotaja tarehe ya kurudi. Huyu ana "nje ya zamu" iliyoandikwa na kupigwa muhuri na jeshi lenyewe. Akinywa waragi mpaka alale njiani, kisha akarudi kikosini akiwa timamu, hakuna atakayemuuliza. Akipatikana na msokoto mmoja, anaweza kupoteza ajira, pensheni na uhuru. Tofauti hiyo haielezwi na taarifa ya 1894 wala na uasi wowote wa Jinja. Pendekezo letu kwa washauri wa sera ni dogo: kesi za matumizi binafsi ya aliye likizoni, pasipo silaha wala biashara, zishughulikiwe na mganga wa kikosi na kamanda wake kwa adhabu za nidhamu, zisipelekwe katika mahakama ya kijeshi, na takwimu zake zitunzwe kando na zile za makosa yaliyotendwa kazini. Katika mafunzo ya maafisa wakuu huko Kimaka, Jinja, kanuni ya msituni kuhusu pombe ingefaa kusomwa upya kwa jicho hilo, sambamba na daftari la ghala la silaha linaloonyesha nani alichukua bunduki, saa ngapi, na aliirudisha lini.