Kifungu cha 36

Katika familia zetu zilizohama Unguja baada ya Januari 1964, neno "kizuizini" halikuhitaji kufafanuliwa. Tanganyika ilikwisha kutunga sheria yake ya kuweka watu kizuizini mwaka 1962, iliyompa Rais uwezo wa kumshikilia mtu bila ya kumfikisha mahakamani, na Zanzibar nayo ikajitungia yake baada ya Mapinduzi. Abdulrahman Babu, waziri wa Mapinduzi hayo hayo, alikaa kizuizini Bara tangu 1972 hadi 1978, huku mahakama ya Zanzibar ikimhukumu kifo naye hayupo. Namtaja yeye kwa makusudi, maana baadhi yetu bado tunasimulia habari hizi kana kwamba zilitupata sisi peke yetu.

Jamaa zetu waliotua Jeddah walidhani neno hilo wameliacha ng'ambo. Ndiyo maana napenda wajukuu wao wamjue Abdullah al-Hamid.

Alikuwa mshairi na mwalimu wa fasihi mjini Riyadh. Mwaka 1993 alikuwa miongoni mwa walioanzisha kamati ya kutetea haki za kisheria. Serikali ikaipiga marufuku upesi, naye akafungwa. Oktoba 2009, yeye, mchumi Mohammad al-Qahtani na wenzao waliunda jumuiya ya haki za kiraia na kisiasa, iliyojulikana kwa Kiarabu kama HASM. Hawakushika silaha. Walishika Kanuni ya Msingi ya Utawala iliyotolewa na Mfalme Fahd mwaka 1992, ambayo kifungu chake cha 36 kinakataza mtu kukamatwa au kufungwa ila kwa mujibu wa sheria. Walishika pia sheria ya mwenendo wa jinai ya 2001: baada ya miezi 6 mahabusu apelekwe mahakamani au aachiwe. Kisha wakazisaidia familia za mahabusu kuishtaki Wizara ya Mambo ya Ndani mbele ya Diwani al-Madhalim, mahakama ya malalamiko dhidi ya serikali. Kwangu mimi, ujasiri wao mkubwa ni huo: kuitaka dola isome maandishi yake yenyewe.

Kesi yao Riyadh iliendeshwa kwa kiasi fulani mbele ya hadhira, jambo la nadra kule. Machi 2013 al-Hamid alipewa miaka 11, al-Qahtani 10, na jumuiya ikavunjwa.

Jeddah nako, wakili Waleed Abu al-Khair alimtetea mwandishi Raif Badawi, na nyumbani kwake akaweka baraza la vijana akaliita Sumud. (Wasomaji wa pwani mnajua baraza ni nini, na kwa nini watawala hulitilia shaka.) Julai 2014 alihukumiwa miaka 15 chini ya sheria mpya ya ugaidi. Januari 2015 Badawi alichapwa viboko 50 hadharani baada ya sala ya Ijumaa.

Mwaka 2018 al-Hamid, al-Qahtani na Abu al-Khair walitunukiwa pamoja tuzo ya Right Livelihood ya Sweden, wote watatu wakiwa gerezani. Al-Hamid alifariki Aprili 2020, akiwa bado mfungwa, baada ya kiharusi. Kifungo cha al-Qahtani kilimalizika Novemba 2022, lakini hakutolewa. Jamaa zake walikaa takriban miaka 2 bila ya kusikia sauti yake. Aliachiwa Januari 2025, akiwa amepigwa marufuku kusafiri.