Aibu ya mashine: historia fupi ya haki ya kurudisha mali mbovu

Laptopu yangu ilizimika Jumanne usiku, katikati ya sentensi. Ikawaka tena yenyewe, ikakaa dakika saba, ikazimika. Nikatafuta risiti. Waranti ilikuwa ya mwaka mmoja, na mimi nilikuwa ndani ya mwezi wa kumi na moja.

Ninaishi Mbegani, hatua chache kutoka baharini, kusini ya mji wa Bagamoyo. Wanaokaa huku wanajua chumvi inavyofanya kazi. Haihitaji maji. Inakuja na upepo, inatua juu ya kila kitu, halafu inavuta unyevu. Bati linaoza, kitasa kinagoma, feni inalia. Kwenye laptopu chumvi hukaa juu ya mazabodi, na shaba yake ikaanza kuota ukijani kama sarafu ya zamani. Kwa hiyo nilipoisoma ile karatasi ya waranti kwa mara ya kwanza (nani huisoma siku anayonunua?) nilikwama kwenye mstari mmoja: waranti haihusu uharibifu wa majimaji wala wa mazingira. Mazingira! Yaani pwani yote iko nje ya waranti.

Kulikuwa na mstari wa pili. Kasoro ikithibitika, kampuni itatengeneza au itabadilisha, kwa hiari yake. Kwa hiari yake yeye. Kichwa kilikuwa kinaniuma kwa siku nzima nikijiuliza kama niombe matengenezo au nidai mashine mpya, kumbe swali lenyewe halikuwa langu. Na mstari wa tatu ulikuwa mbaya kuliko yote: data zilizomo si jukumu la kampuni, na diski inaweza kufutwa. Humo ndani kulikuwa na sauti za wazee wa Mlingotini na Kaole nilizorekodi kwa miaka mitatu, wawili kati yao wameshazikwa. Nakala nyingine sikuwa nayo. Msinigombeze, nimeshajigombeza vya kutosha.

Fundi mmoja hapa Bagamoyo aliniambia ataifungua kwa nusu saa tu, aitoe diski, ahamishe kila kitu. Lakini akishavunja kile kibandiko cha kwenye skrubu, waranti imekufa. Nilirudi nyumbani nayo ikiwa bado imefungwa, na usiku huo badala ya kulala nikawa nasoma sheria za biashara za watu waliokufa zamani.

Neno hiari na neno la kisheria khiyari ni mzizi mmoja. Katika fiqhi, khiyari ni haki ya mtu kuvunja au kuthibitisha mauziano yaliyokwisha fungwa. Zipo aina kadhaa, na mojawapo ni khiyari ya aibu. Hapo Kiswahili kinanifurahisha. Aibu kwa Kiarabu ilikuwa ni kasoro, ya kitu au ya mtu. Sisi tukaichukua, polepole tukaiondoa kwenye bidhaa tukaiacha kwa watu, hadi leo ukisema nguo ina aibu mtu atadhani inaonyesha mwili. Zamani ungekuwa unasema tu kwamba imetoboka.

Pwani hii ni ya Kishafii, na kitabu kilichotegemewa sana kwa mambo ya hukumu ni Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki 1277. Hata wakoloni wa Kiingereza walikihitaji, kikatolewa kwa Kiingereza 1914 ili mahakimu wao wajue wanahukumu nini. Mlango wa kasoro ndani ya kitabu hicho unasomeka kama karatasi ya waranti iliyoandikwa na mtu mwenye akili timamu. Mnunuzi akikuta kasoro iliyokuwepo kabla hajapokea mali, hiari ni yake: arudishe achukue fedha zake, au abaki nayo. Kutengeneza hakumo. Muuzaji hawezi kumwambia, subiri wiki sita nikuwekee kiraka. Kasoro ikiondoka yenyewe kabla ya kurudisha, sawa, haki imekwisha. Lakini haiwi kazi ya mnunuzi kukaa akingoja fundi wa mwenzake.

Haki hiyo ina masharti. La kwanza ni haraka. Ukigundua kasoro, unarudisha papo hapo, na Nawawi anafafanua papo hapo ni nini: kama uko kwenye swala, maliza swala, kama unakula, maliza kula, kama ni usiku, ngoja asubuhi. Nilicheka peke yangu saa nane za usiku. La pili, uache kukitumia. Ukimwacha mnyama na tandiko mgongoni baada ya kujua kasoro yake, umeridhika naye. Isipokuwa mnyama mkaidi asiyeswagika wala kuvutika. Huyo unaruhusiwa kumpanda mpaka kwa muuzaji. La tatu, kasoro mpya isitokee mikononi mwako. Ikitokea, huwezi tena kumlazimisha muuzaji kupokea; mnabaki kukubaliana nani amlipe mwenzake tofauti ya thamani. Kile kibandiko cha kwenye skrubu ni sharti hili la tatu, limegeuzwa karatasi na gundi.

Na mkibishana kama kasoro ni ya zamani au ya juzi? Anayesadikiwa ni muuzaji, akiapa. Hapa ndipo nilipoacha kuona zamani kuwa nzuri mno. Leo fundi wa kampuni anafungua mashine yako nyuma ya mlango uliofungwa, anatazama vile vibandiko vidogo vyeupe vinavyogeuka vyekundu vikilowa, anarudi na kusema ni unyevu. Kauli yake ndiyo kauli. Tofauti ni kwamba huyu haapi.

Kwa upande mwingine, Washafii walikuwa wakali kwa muuzaji anayetaka kujivua mapema. Ukiuza kwa kusema "chukua kama kilivyo, mimi simo", msamaha huo unakufaa kwa kasoro za ndani za kiumbe hai ambazo hata wewe hukuzijua. Mnyama hufichi unachokijua, ila huwezi kuona tumbo lake. Kitu kisicho na roho hakina udhuru huo. Kwa kipimo hicho, mstari wangu wa mazingira ungepata taabu mbele ya kadhi.

Nimesema kiumbe hai. Mji huu haumruhusu mtu aishie hapo. Mifano ya kasoro katika vitabu hivyo ni farasi anayeuma na, katika sentensi hiyo hiyo, mtumwa anayetoroka au anayeiba. Wamaliki wa Madina walikwenda mbali zaidi: mtumwa alikuwa na siku tatu za dhamana kwa kasoro zote, na mwaka mzima kwa ukoma, mbalanga na wazimu. Mwaka mmoja. Washafii hawakuikubali dhamana hiyo, kwa hiyo si sheria ya pwani yetu, lakini nilipoisoma nilitazama risiti yangu kwa muda. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora. Walioshuka hapa na pembe mabegani, wengine walikuwa wapagazi wa ujira, wengine walikuwa ndio mali. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868 wakajenga kijiji cha waliokombolewa. Soko la Unguja likafungwa 1873. Lakini hali ya utumwa yenyewe haikufutwa kisheria Tanganyika mpaka 1922. Kwa hiyo haki hii ninayoisifu, ya mnunuzi kutopunjwa, kwa karne nyingi ilimlinda pia mtu aliyenunua binadamu akamkuta ana mapenzi ya kukimbia. Kutoroka kukaitwa aibu. Siwezi kuandika historia ya waranti pwani hii na kuliruka hilo.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda aliyeishi Bagamoyo na baadaye akafundisha Kiswahili Berlin, aliujua ulimwengu huo kwa ndani. Kitabu alichokiweka pamoja Carl Velten mwaka 1903, kwa kiasi kikubwa kutokana na maandishi ya Mtoro, wengi tunakiita Desturi za Wasuaheli tu. Jina lake kamili linaendelea: na khabari za desturi za sheri'a za Wasuaheli. Tunalikata jina, tunabaki na harusi, ngoma na mizimu. Nusu iliyokatwa ndiyo yenye madeni na hukumu, na mimi nadhani ndiyo inayotufaa zaidi siku hizi.

Waingereza walipokuja na sheria zao za mauziano, waliweka mfumo uliofuata ile ya kwao ya 1893. Bado tunao, Sura ya 214. Si mbaya hata kidogo. Inasema bidhaa anayouza mfanyabiashara wa bidhaa hizo iwe ya ubora unaouzika, na kama ulimweleza unaitaka kwa kazi gani ukategemea ujuzi wake, iifae kazi hiyo. Haya yanasimama hata kama risiti haiyataji. Ila humo ndimo nilikopata mshangao wangu mkubwa. Sheria hiyo inagawa ahadi mbili: ile nzito, ambayo ikivunjwa una haki ya kukataa mali, na ile nyepesi, ambayo ikivunjwa unadai fidia tu, mali inabaki kwako. Ahadi nyepesi ndiyo inayoitwa kwa Kiingereza neno tulilolifanya waranti. Na ukishaipokea mali ukakaa nayo zaidi ya muda wa kiasi bila kusema neno, hata ile nzito inageuka nyepesi. Kwa hiyo tumefurahia miaka yote kupewa waranti, na neno lenyewe katika sheria ni jina la ahadi ndogo.

Viwanda vikaongeza lao. Karatasi ndani ya boksi haikuandikwa na bunge wala na kadhi, imeandikwa na anayeuza. Imechukua haraka ya zamani na marufuku ya kugusa ya zamani, ikaacha kile ambacho masharti hayo yalikilipia, yaani hiari ya mnunuzi, ikakihamishia upande wa pili wa kaunta. Tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume yake ya Ushindani, iliyopewa pia kazi ya kumlinda mlaji, na mtu anaweza kupeleka shauri huko. Wangapi kati yetu tumewahi? Laptopu ni chombo cha kazi. Mwenye nayo hana muda wa kushtaki, anataka Jumatatu imkute anaandika.

Jirani yangu mwenye mashua aliniona nimekaa na karatasi zangu akauliza nina kesi gani. Nikamweleza. Kwake jambo zima ni la ajabu. Mashua haina waranti kwa sababu kila mtu anajua inaingia maji ya chumvi. Ndiyo kazi yake. Inapandishwa pwani, inakalafatiwa kwa pamba, inapakwa deheni, ubao uliooza unang'olewa unawekwa mwingine. Alichouliza ni kimoja: "Kilichooza ni ubao au mkuku?" Kwa sababu ubao unabadilishwa, lakini mkuku ukioza unaanza kuhesabu bei ya mashua nyingine. Nikamwambia ni mkuku. Mazabodi ndiyo mkuku wa laptopu: bei yake peke yake inaweza kukaribia nusu ya mashine. Akatikisa kichwa, akasema basi mrudishie mwenyewe. Kwa maneno mengine, alinipa fatwa ya Nawawi bila kukifungua kitabu.

Nilifanya hivi. Asubuhi ile ile ya Jumatano nilimwandikia muuzaji, kwa ujumbe wenye tarehe, pamoja na picha na video ya mashine ikizimika. Zamani ungeita mashahidi wawili, simu imenishuhudia. Halafu, kwa siku tatu usiku, kila ilipowaka nilihamisha faili nilizoweza kwenye diski ya nje, dakika saba, dakika tano, siku moja dakika ishirini. Ndiyo, nilikuwa naitumia mali niliyokwisha kuijua kasoro yake. Nilijihesabia ruhusa ya mnyama mkaidi. Sauti zilipotimia nikapanda basi kwenda Dar es Salaam, saa mbili kama foleni ya Tegeta ikikuhurumia, nikamkabidhi mashine ikiwa na kibandiko chake. Niliomba ibadilishwe. Kijana wa kaunta alikuwa na adabu sana, akaniita mzee, akanionyesha mstari ule ule kwa kidole.

Wiki tano. Unyevu haukutajwa, nadhani kwa sababu kila siku nilikuwa naifunika kwa kitambaa, au labda fundi alikuwa mtu mwema tu. Waliweka mazabodi nyingine. Diski ilirudi tupu, safi kama siku ya kwanza. Nikauliza, hii mazabodi mpya ina dhamana ya muda gani? Kijana akatazama kompyuta yake. Inafuata tarehe ya mwanzo ya manunuzi, akasema. Na kwa kuwa mashine ilikaa kwao wiki tano, waranti ilikuwa imekwisha siku nne zilizopita.