Mwanamke aliyefichwa nyuma ya herufi mbili

Januari 2024 Posta ya Kanada ilitoa stempu yenye sura ya mwanamke mweusi aliyefariki zaidi ya miaka 130 iliyopita. Miaka miwili kabla ya hapo, alikuwa amesimamishiwa sanamu mjini Windsor, Kanada. Heshima hiyo imechelewa mno. Mary Ann Shadd anatambuliwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuhariri na kuchapisha gazeti Amerika ya Kaskazini. Toleo la kwanza la gazeti lake, Provincial Freeman, lilitoka mjini Windsor Machi 24, 1853, ila mahali pa jina la mhariri palichapwa jina la mwanamume.

Alizaliwa mwaka 1823 Wilmington, Delaware, jimbo lililoruhusu utumwa, ingawa wazazi wake walikuwa watu huru. Baba yake, Abraham, alikuwa fundi viatu aliyewasaidia watumwa kutoroka. Familia ilihamia Pennsylvania, binti akasomeshwa na Waquaker, naye akawa mwalimu. Kisha ikapitishwa sheria ya 1850 ya kuwarudisha watumwa waliotoroka, na tangu hapo hata mtu mweusi aliyezaliwa huru hakuwa na usalama. Mwaka 1851 Mary Ann alivuka kwenda Windsor, ng'ambo ya mto kutoka Detroit, akafungua shule iliyopokea watoto wa rangi zote.

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi ambao mwanahistoria Jane Rhodes, katika wasifu wake wa Shadd uliotoka mwaka 1998, ameueleza kwa kina. Na unastahili, kwa sababu bila ugomvi huo huenda gazeti lisingezaliwa.

Henry Bibb alikuwa mtu mkubwa Windsor. Alizaliwa mtumwa Kentucky, akatoroka si mara moja, na Januari 1851 akaanzisha gazeti la Voice of the Fugitive. Bibb aliunga mkono Refugee Home Society, chama kilichonunua ardhi kwa ajili ya wakimbizi kwa fedha zilizochangwa makanisani Marekani. Mawakala waliozunguka kukusanya michango hiyo walijikatia fungu lao. Shadd hakulivumilia jambo hilo. Alihoji kwa nini mkimbizi afungwe na masharti ya chama wakati ardhi ya serikali iliuzwa kwa bei nafuu. Kilichomuuma zaidi ni ile picha ya mtu mweusi mwenye njaa na matambara, iliyotembezwa kanisa hadi kanisa ili waumini watoe sadaka. Huko, alisema, ni kuombaomba kwa jina la watu wanaojiweza. Kijitabu chake cha mwaka 1852 kiliwaeleza wahamiaji hali ya hewa, bei za ardhi, mazao na kazi, yaani mambo anayoyahitaji mtu anayekuja kujitegemea.

Lakini Bibb alikuwa na gazeti, na Shadd hakuwa nalo. Bibb alitangaza humo kwamba mwalimu huyo alikuwa akipokea dola 125 kwa mwaka kutoka shirika la kimisionari la American Missionary Association. Shadd hakuwa amewaambia wazazi wa wanafunzi habari ya fedha hizo, kwa hofu kwamba wangeacha kulipa ada ndogo aliyowatoza. Pigo lilikuwa baya, kwani katika mji mdogo mwalimu akishashukiwa kwa fedha, shule yake imekwisha. Shadd alimwandikia katibu wa shirika, George Whipple, barua baada ya barua akijitetea. Mapema mwaka 1853 shirika lilimkatia msaada, likitoa sababu ya tofauti za imani ya dini. Mimi siamini kwamba ugomvi ule haukuchangia.

Shadd akaamua kuwa na gazeti lake. Alijua kwamba wasomaji wasingelikubali gazeti la mwanamke, kwa hiyo aliomba jina la Samuel Ringgold Ward, msemaji mashuhuri wa kupinga utumwa, liwekwe kama mhariri. Muda mfupi baadaye Ward alisafiri kwenda Uingereza. Kazi ilikuwa ya Shadd tangu mwanzo, naye alijitaja kwa herufi tu: M. A. Shadd. Alizunguka mwaka mzima akihutubia na kutafuta fedha, na Machi 1854 gazeti likaanza kutoka kila wiki mjini Toronto. Barua zikamiminika kwa "Bwana Shadd". Hatimaye akachapisha jina lake kamili na kuwataka wasomaji waache kumwita bwana.

Wapo walioudhika, na gazeti liliumia. Katikati ya mwaka 1855 alimkabidhi Mchungaji William P. Newman cheo cha mhariri. Katika kuaga kwake aliwaambia wanawake weusi kwamba njia ya uhariri imekwisha kufunguliwa, nao waifuate. Hakuondoka gazetini. Lilihamia Chatham, akaendelea kuliandikia na kulitafutia fedha pamoja na kaka yake Isaac na dada yake Amelia, mpaka ukata ulipolizima.

Nikisoma habari hizi nawaza juu ya magazeti yetu. Tunaitaja Mambo Leo ya 1923, tunaitaja Kwetu ya Bwana Erica Fiah ya 1937, na orodha ya wahariri tunayoikariri ni ya wanaume. Sina shaka wako wanawake waliosahihisha, waliotafsiri na waliopanga kurasa bila kuandikwa popote, na inaniuma kwamba hatujawatafuta.

Bibb alifariki mwaka 1854, baada ya ofisi yake kuungua. Shadd aliishi miaka mingi zaidi. Aliolewa na Thomas Cary, kinyozi wa Toronto, akawa mjane, akasajili askari weusi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, akafundisha Washington, na mwaka 1883, akikaribia miaka 60, akahitimu sheria Chuo Kikuu cha Howard. Alifariki mwaka 1893. Nyumba yake ya Washington ilitambuliwa kuwa alama ya historia ya taifa mwaka 1976. Matoleo yaliyosalia ya Provincial Freeman sasa yanasomeka mtandaoni, na vyuo vyetu vya uandishi wa habari vinaweza kuanza kuyafundisha muhula ujao.