Mbalamwezi Haitoshi: Hoja juu ya Nyimbo za Usiku katika Ufuko wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Iko dhana iliyokita mizizi katika maandishi yahusuyo ngoma na nyimbo za watu wetu, nayo ni kwamba wimbo wa usiku ni mtoto wa mbalamwezi: mwezi ukitoka vijana hukusanyika uwanjani wakaimba na kucheza, na mwezi ukifa watu hulala. Dhana hii husemwa kwa wepesi, husomeshwa shuleni, na aghalabu hufuatwa na hitimisho la pili, ya kuwa taa ya umeme na redio zimeziua nyimbo hizo kwa kuwa zimeuondolea mwezi kazi yake. Makusudio yangu ni kuzipinga zote mbili kwa ushahidi wa Kyela na ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, na kutoa nyingine mahali pake: kwamba wimbo wa usiku katika nchi hii ulizaliwa na mpango wa makazi, yaani na suala la nani alale wapi na nani asimsikie nani, na kwamba gizani sauti ya mtu ilikuwa ndiyo shahada ya wema wake.

Sikatai kwamba dhana ya mbalamwezi ina asili ya kuheshimika. Pwani ya Waswahili ina usiku wake uliotungiwa nyimbo tangu zamani, na usiku huo una nuru: taarabu, iliyoingia Unguja katika zama za Sultani Barghash bin Said na kutiwa nidhamu ya chama na Ikhwani Safaa tangu mwaka 1905, ni sanaa ya ukumbi uliowashwa taa na ya hadhira iliyovaa na kujitia manukato. Huko Ulaya nako, tangu mwanzo wa karne ya 19, John Field na baada yake Frédéric Chopin walitunga vipande vya piano vilivyopewa jina la usiku, na usiku wao ulikuwa wa mtu mmoja aliyebaki na mawazo yake. Mtafiti aliyelelewa na mojawapo ya sanaa hizi, au na zote mbili, hufika Kyela akiwa amekwisha kuamua usiku ni nini, kisha hutafuta mwezi na vijana chini yake. Na kwa kuwa vijana wapo na mwezi upo, huondoka ameridhika.

Lakini mwezi wa Kyela hautegemewi. Wilaya hii ni bonde lililobanwa baina ya ziwa na milima: safu ya Livingstone upande wa mashariki, ikishuka kwa ukali hadi majini huko Matema na Ikombe, na mlima Rungwe, wenye kimo kipatacho mita 2,960, upande wa kaskazini. Pepo za ziwani zenye unyevu hugonga milima hiyo, na matokeo yake ni mvua izidiyo milimita 2,000 kwa mwaka, ianzayo mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Mei, ikiwa kali kupita kiasi mwezi wa Machi na Aprili, wakati mashamba ya mpunga yamejaa maji na njia zimekuwa vijito. Kwa miezi hiyo yote mbingu hufunikwa, na mtu aweza kumaliza mwandamo mzima asiuone mwezi mpevu ila kwa kuvizia. Lau wimbo wa usiku ungalitegemea mbalamwezi, ungalinyamaza kwa nusu ya mwaka, na hivyo sivyo ilivyo.

Tena ufukoni mambo yamegeuka kabisa. Dagaa wa Nyasa, ambao wavuvi huwaita usipa, huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa sababu samaki hao hufuata nuru, na nuru ya taa haina nguvu mahali ambapo mwezi umeyaangaza maji yote sawasawa. Mvuvi huipiga pampu karabai yake hadi utambi wake wa kitambaa ung'ae mweupe, huining'iniza juu ya maji, hungoja, na usipa hukusanyika chini yake wakimetameta. Ndipo wavu huzungushwa na kuvutwa, na wanaovuta huenda kwa mwito na kiitikio, kwa kuwa mikono iliyo gizani haionani na lazima ipatanishwe na sauti. Mwezi ukikomaa, taa huzimwa, nyavu huanikwa, na wavuvi hulala nyumbani. Hapa, basi, ni mwezi unaonyamazisha wimbo, na giza ndilo linaloufungua. Sidai kwamba nyimbo za wavuvi zatosha kuiangusha dhana ya mbalamwezi, kwa maana mpinzani ataniambia kwamba hizo ni nyimbo za kazi ambazo zimetukia tu kuwa za usiku. Nazitaja ili ijulikane kwamba kanuni inayodaiwa kuwa ya watu wote imevunjika katika ufuko mmoja tu, tena bila ya jitihada kubwa.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi uko bara kidogo, katika vijiji vya Wanyakyusa. Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti wao katika nchi hii baina ya mwaka 1934 na 1938, na katika kitabu cha Good Company, kilichotoka mwaka 1951, Monica Wilson alieleza habari ambayo wanazuoni wa siasa na ukoo wameijadili sana, ilhali wanazuoni wa muziki, kwa kadiri niionavyo kazi yao, wameipita. Mtoto wa kiume alipofikia umri wa miaka kumi au kumi na mmoja aliacha kulala nyumbani kwa baba yake. Yeye na marika wake walijenga vibanda vyao pembezoni mwa makazi ya wakubwa, na huko ndiko walikolala. Mchana walirudi kuwalimia baba zao, na chakula walikula kwa mama zao, wakienda kwa makundi kutoka jiko la mama mmoja hadi la mwingine. Kwa hiyo kilichotengwa kilikuwa usiku, na usiku peke yake. Sababu iliyotolewa ni haya: haikuwa murua kijana aliyekwisha kupata akili awe karibu na wazazi wake saa za usiku, wala asikie yaliyo ya faragha yao, na haya hiyo ilikuwa na ndugu yake katika miiko mikali iliyomzuia mke asionane na baba wa mumewe. Kijiji hicho, ikipanga kwa Kinyakyusa, kilikua pamoja na wenyewe, hata siku ya ubusoka, ambapo kizazi kilichotangulia kilikikabidhi kizazi kipya ardhi na uongozi.

Na tutafakari maana yake. Ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwa wazee, na wazee wenye ng'ombe walioa wake wengi, hata kijana aliweza kufika umri wa utu uzima kamili angali hana mke. Kwa miaka mingi, basi, palikuwa na kijiji kizima cha wanaume wasio na wake, wasio na wazazi karibu, wasioruhusiwa kurudi kulikokuwa na moto wa nyumbani, na waliofundishwa kwamba kukaa pamoja na marika kwa mazungumzo, kula, kunywa na kucheza, ambako wao hukuita ukwangala, ndiko kunakomtia mtu akili na adabu. Mtu aliyependa upweke alitiliwa shaka. Ukiwapa watu wa namna hii usiku wa saa kumi na mbili, uwe na mwezi au usiwe nao, uwe na mvua inayogonga mapaa ya nyasi au uwe mkavu, wataimba. Na wataimba mambo ambayo hayangeimbwa mbele ya baba, kwa sababu mpango wa makazi umekwisha kumweka baba mahali asipoweza kusikia. Hapa ndipo ninapouona mzizi. Nuru ni jambo la pili katika uhuru wa wimbo wa usiku. La kwanza ni umbali wa sikio la mkubwa.

Kuna jambo jingine linalounga mkono fikra hii, nalo lahusu hofu. Katika itikadi ambazo Wilson na mkewe waliziandika, wachawi walikuwa watu wenye chatu matumboni, waliotembea usiku kimya kimya wakila matumbo ya jirani zao na kukausha viwele vya ng'ombe, na waliowazuia walikuwa abamanga, walinzi wa kijiji, waliowaona wachawi hao katika ndoto za usiku huo huo. Hata ghadhabu ya haki ya majirani, waliyoiita pumzi ya watu, ilimshukia mkosaji kama baridi. Usiku wa namna hii mwovu ni yule asiyetoa sauti. Kundi linaloimba njiani, au kibanda kinachosikika kikivuma viitikio, limejitangaza: lajulikana ni nani, wako wangapi, na wanafanya nini. Nadhani, wala sioni sababu ya kuogopa kulisema, kwamba wimbo wa usiku ulikuwa ushahidi wa kutokuwa na hatia uliotolewa kila siku na kila kijiji kwa vijiji vya jirani. Maumbile yenyewe yalisaidia, maana usiku hewa iliyo karibu na maji na ardhi hupoa kuliko ile ya juu yake, na mawimbi ya sauti huinamishwa chini badala ya kupotea angani, hata sauti inayokufa mchana katika umbali mdogo husikika usiku ng'ambo ya ghuba.

Najua nitakavyojibiwa. Simon Charsley katika mwaka 1969, na Michael McKenny katika mwaka 1973, waliuhoji uchambuzi wa Monica Wilson kwa ukali, wakishuku kama vijiji vya marika vilikuwa nguzo ya dola ya Kinyakyusa kwa namna alivyovieleza. Lakini hoja zao, kwa jinsi ninavyozifahamu, ni juu ya utawala, ardhi na mabadiliko ya taasisi, wala haziondoi jambo dogo ambalo mimi ninalihitaji, yaani kwamba vijana walilala mbali. Aweza mtu kukataa kwamba kijiji cha marika kilidumu tangu utoto hadi kaburini, akakubali kwamba mvulana wa miaka kumi na miwili hakulala kwa baba yake. Na hilo la pili lanitosha. P. H. Gulliver, aliyeandika mwaka 1958, ana hoja nzito zaidi, kwa sababu alionyesha jinsi uhaba wa ardhi, mpunga wa bondeni na kahawa ya mlimani vilivyokuwa vikiwafanya watu wakae penye mashamba yao badala ya kukaa na marika wao. Ikiwa kijiji kimekufa, mbona wimbo haukufa?

Jibu langu ni kwamba wimbo ulihamia kwa wenyeji wengine waliokuwa na mpango wao wa usiku. Wamoraviani na wamisionari wa Berlin walifika nchi hii mwaka 1891, na Wamoraviani walikuja na desturi iliyoanza kwao Herrnhut mwaka 1732, ya kwenda makaburini kabla ya mapambazuko ya Pasaka na kulipokea jua kwa nyimbo. Desturi hiyo iliwafikia watu ambao mazishi yao, kama Godfrey Wilson alivyoyaeleza mwaka 1939, yalikuwa na kilio cha wanawake na ngoma ya vijana wenye mikuki, ngoma iliyogeuza hofu kuwa ushujaa na hatimaye furaha, na ambao Wakristo miongoni mwao walikuwa wameanza kuiacha ngoma na kushika tenzi. Mkesha wa msiba wa leo, wenye kwaya inayopokezana na wazee hadi alfajiri, umerithi pande zote mbili. Nao unafanyika usiku wowote ule mauti yatakapouchagua, mwezi ukiwapo au usipokuwapo.

Umeme, basi, haukuua kitu hapa. Kilichobadilika ni umbali wa sikio, kwa kuwa kipaza sauti huupeleka wimbo kwa wasiokusudiwa, na malalamiko ambayo kanuni za Tanzania za kudhibiti kelele za mwaka 2015 zilitungwa kuyatatua ni malalamiko ya jirani aliyelazimishwa kuwa hadhira. Wanaoziona kanuni hizo kuwa uadui kwa mila zetu hawakuizingatia mila yenyewe, ambayo tangu asili ilijua kupanga nani asikie nini.

Lawama kubwa zaidi naiweka juu ya sera. Tangu Mwalimu Nyerere alipoanzisha wizara ya utamaduni mwezi wa Desemba 1962, ngoma zetu zimepewa heshima ya taifa, na heshima hiyo ilistahili. Lakini ngoma iliyoitwa kumlaki mgeni rasmi uwanjani saa nne asubuhi imevuliwa usiku wake, na kanda iliyonaswa hapo hutunzwa kana kwamba ndiyo ngoma kamili. Naomba wanaokusanya nyimbo za Kyela, pamoja na majina ya waimbaji na ala, waandike saa, hali ya mwezi na mvua, na zaidi ya yote waliomo masikioni: nani alikuwa karibu, nani aliondoka kwanza, na nani hakutakiwa asikie.

Na nadharia yangu ina mahali pa kupimiwa. Ng'ambo ya mto Songwe, huko Karonga, wako Wangonde, jamaa za Wanyakyusa kwa lugha na asili, waliotawaliwa na mtawala wao aitwaye Kyungu, na wanaoishi kando ya ziwa lile lile chini ya mwezi ule ule. Ikiwa huko vijana walilala karibu na wazazi wao kuliko huku, basi nyimbo zao za usiku hazina budi kuwa na haya zaidi na kejeli chache zaidi juu ya wazee. Na zikionekana kuwa sawasawa na zetu, ilhali malazi yao ni mengine, hoja hii yote itabidi iandikwe upya.