Duka Lilivyoshuka Mlimani: Habari za Biashara ya Dindira na Korogwe

Mtu wa Dindira, huko juu katika milima ya Usambara penye mashamba ya chai, akitaka bati au saruji, hushuka Korogwe. Mwendo huu wadhaniwa kuwa wa tangu na tangu, kumbe kwa hesabu ya historia ni mchanga. Zamani biashara haikuwa na nyumba. Ilikuwa na siku yake. Wasambaa walishuka na ndizi na tumbaku, Wazigua wakaja na mifugo yao, wakakutana guliono penye mpaka wa mlima na nyika. Jioni ikiingia, palibaki majani yaliyokanyagwa tu. Hata misafara ya Pangani, iliyopita bondeni na nguo na bunduki, haikujenga duka. Lakini Semboja wa Mazinde, mwana wa Kimweri, alitambua mapema kwamba nguvu imehama kileleni na kukaa njiani. Kimweri alipofariki mwaka 1862, vita vilivyofuata baina ya jamaa zake, kwa maoni yangu, vilikuwa pia vita vya kugombea njia ya biashara.

Kilicholeta duka lenye mlango na kufuli ni reli. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911. Mwaka ule ule wa 1893 Dakta Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, ikasalimika michache tu. Na kutokana na hiyo bonde zima likageuka shamba. Basi mkonge ukaita manamba kutoka mbali, na manamba wakaita wenye maduka, wengi wao Wahindi.

Hapa inafaa tusimame kidogo. Manamba alifanya kazi kwa kipande: siku 30 za kazi, azitimize katika muda wa siku 42, ndipo alipwe. Posho alipewa, lakini posho haina shuka wala sigara. Je, angengojaje? Duka la kambini lilikaa juu ya subira hiyo. Tena tangu mwaka 1923 palikuwa na sheria ya kuzuia Mwafrika kukopeshwa: mfanyabiashara aliyemkopesha bila kibali cha serikali hakuweza kumdai mahakamani. Ilisemekana kuwa ni ya kumkinga mwananchi asizame katika madeni. Kinga gani hii! Mwenye kutaka shuka moja alikopeshwa kwa kuaminiana, sheria isijue. Lakini Mwafrika aliyetaka kufungua duka lake mwenyewe, akahitaji marobota ya nguo kwa ahadi ya kulipa baada ya mauzo, alikuta mlango umefungwa, kwani ni mwenye ghala gani atakayetoa mali asiyoweza kuidai? Wanaosema kwamba mwananchi hakuwa na moyo wa biashara wanaisahau sheria hii, nami sioni sababu ya kuwavumilia.

Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Kisha bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na mavuno yakapungua mwaka hata mwaka. Duka la kambini lilikufa pamoja na kambi. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, kijiji kiwe na duka lake. Nia ilikuwa kumwondoa mlanguzi. Lakini rafu zilikuwa tupu, na duka la ushirika lisilo na sabuni halimwondoi mlanguzi, bali humpa kazi. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti, wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuingiza bidhaa, na mitumba ikajaa magulioni.

Leo maduka ya Korogwe hayaitazami tena stesheni, yameigeukia barabara kuu, yapitapo mabasi ya Dar es Salaam na Arusha. Na bidhaa za Dindira hupanda mlima kwa pikipiki, gunia limefungwa kwa kamba nyuma ya dereva. Nauli yake huongezwa juu ya bei ya kila kilo ya sukari, naye mchuma chai ndiye huilipa.