Kabla ya kuchorwa tatuu kichwani: Mambo ya kutafakari

KIJANA wa Kitale au Bungoma anayekusudia kuchorwa tatuu kichwani aghalabu hujipa moyo kwa hoja moja: kwamba asipoipenda, atafuga nywele na mchoro utafichika. Hoja hiyo ina ukweli nusu, na ni nusu ya pili inayofaa kuzingatiwa kabla ya sindano kugusa ngozi.

Mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, Herodotus, anasimulia jinsi Histiaeus alivyomnyoa mtumwa wake karibu na mwanzo wa karne ya tano kabla ya Kristo. Alimchora ujumbe kichwani, akangoja nywele ziote, kisha akamtuma kwa Aristagoras mjini Miletus. Mtumwa alipofika, alinyolewa na siri ikasomeka. Nywele huficha, wembe hufichua.

Katika kaunti za Bungoma na Trans Nzoia, wembe una siku zake. Miongoni mwa Wabukusu na jamii nyingine za Waluhya, familia zinazofuata mila hunyoa wafiwa baada ya mazishi. Siku hiyo, mbele ya wazee, wajomba na mashangazi, mchoro uliofichwa miaka mingi utakuwa wazi. Upara, upasuaji na dawa za saratani pia huondoa nywele bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa hivyo swali la kwanza si iwapo mchoro unapendeza, bali iwapo mwenyewe atakuwa radhi uonekane siku ambayo hakuichagua.

Alama za mwilini si jambo geni Afrika Mashariki. Chale na nembo zilichanjwa kabla ya mashine za tatuu kufika. Hata hivyo, mara nyingi alama hizo zilikuwa na maana iliyofahamika kwa jamii nzima. Tatuu ya leo ni uamuzi wa mtu binafsi, naye ndiye atakayeitolea maelezo. Wapo Wakristo wanaoipinga kwa kurejelea Mambo ya Walawi 19:28, na wanazuoni wengi wa Kiislamu huihesabu kuwa haramu.

Ngozi ya kichwa

Ngozi ya kichwa imelala juu ya fuvu bila nyama nyingi ya kuikinga, kwa hivyo maumivu huwa makali, hasa kwenye panja na nyuma ya masikio. Ina mishipa mingi ya damu, na jeraha lake hutoka damu kwa wepesi. Mwenye mapunye, vipele au vidonda kichwani anapaswa kutibiwa kwanza.

Watu wenye ngozi nyeusi wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata keloidi, yaani makovu manene yanayovimba na kuenea nje ya jeraha. Wanaume wengine huota vinundu sugu kisogoni, mahali panapopitishwa mashine ya kinyozi kila mara. Mtu ambaye tayari ana makovu ya aina hiyo, au ambaye jamaa zake wanayo, angefanya vyema kumwona daktari wa ngozi kabla ya kuendelea.

Sindano na damu

Sindano isiyo safi huweza kueneza virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B na C. Sindano na wembe vifunguliwe vikiwa vipya mbele ya mteja, wino umiminwe katika kikombe cha kutumika mara moja, na mchoraji avae glavu mpya. Vifaa vinavyorudiwa sharti vitakaswe kwa mvuke wenye shinikizo. Kuvipangusa kwa spiriti hakutoshi.

Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini aina ya B kuelekea mwisho wa 2001. Aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hana kinga hiyo, na anaweza kuulizia chanjo hospitalini mapema. Aidha, aliyechorwa karibuni huweza kuambiwa asubiri miezi kadhaa kabla ya kutoa damu, jambo zito endapo mgonjwa wa nyumbani anaihitaji.

Kazi na jua

Jeraha la juu huchukua wiki mbili hadi nne kupona. Mwendeshaji bodaboda hawezi kuiacha kofia ya usalama nyumbani, nayo itasugua jeraha na kulilowesha jasho. Mkulima wa mahindi hukabili vumbi wakati wa mavuno. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya bahari, na miale ya jua huzidi ukali kadiri mtu apandavyo. Miale hiyo huumiza ngozi mbichi na kufifisha wino.

Anayetafuta ajira asome masharti kwanza. Jeshi la Marekani, hata baada ya kulegeza kanuni zake mwaka 2022, liliendelea kukataza michoro usoni na kichwani, ila ule mdogo nyuma ya sikio.

Kufuta tatuu kwa leza huhitaji vikao vingi na gharama kubwa. Katika ngozi nyeusi, leza isiyofaa huacha mabaka meupe au makovu.

Lipo jaribio lisilo na hasara. Anyoe kwanza, achorwe picha hiyo kwa hina ya kawaida, si piko nyeusi yenye kemikali za kuunguza ngozi. Kisha aende nayo sokoni, kazini, mahali pa ibada na kwa wazazi. Hina itafutika baada ya wiki chache. Ikiwa atatamani ifutike mapema, amekwisha kupata jibu. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, chako tia maji. Katika suala hili, maji yatangulie wembe, na wembe utangulie sindano.