Kibali cha Usalama na Mshahara: Wapenzi wa Jinsia Moja katika Ajira ya Marekani

Zaidi ya miaka 40 kabla ya wachumi wa Marekani kupima jinsi mwelekeo wa kimapenzi, yaani kuvutiwa kwa mtu na watu wa jinsia yake au ya pili, unavyogusa kipato chake, serikali ya nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuwanyima wengi mshahara mzima. Februari 1950 Wizara ya Mambo ya Nje ilikiri kuwaondoa watumishi 91 kwa tuhuma za kuwa wapenzi wa jinsia moja, na Aprili 1953 Rais Eisenhower akatia saini amri namba 10450, iliyohesabu "upotovu wa kijinsia" miongoni mwa sababu za kumwona mtumishi kuwa hatari kwa usalama. Hoja ilikuwa kwamba mwenye siri huweza kutishwa na majasusi, ingawa siri yenyewe ilitunzwa kwa kuogopa adhabu ileile.

Gharama ya amri hiyo inaonekana vizuri kwa Frank Kameny, mwanafalaki mwenye shahada ya uzamivu ya Harvard, aliyeachishwa kazi mwaka 1957 katika idara ya ramani ya jeshi. Kazi nyingi za fani yake zilidai kibali cha usalama, yaani idhini ya kushughulikia siri za dola, na kwa kuwa hakuweza tena kukipata, usomi wake ulikosa mnunuzi, hata ikafika wakati akaishi kwa chakula cha senti 20 kwa siku. Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza shauri lake mwaka 1961, na Tume ya Utumishi wa Umma haikuliondoa katazo la kuwaajiri wapenzi wa jinsia moja hadi 1975.

Mwaka 1995 mwanauchumi Lee Badgett, akitumia takwimu za kitaifa za 1989 hadi 1991, alikuta kwamba wanaume waliovutiwa na wanaume walipata kati ya asilimia 11 na 27 pungufu ya wenzao wenye elimu, uzoefu na kazi za namna moja. Kwa wanawake matokeo hayakuwa bayana, na tafiti za baadaye mara nyingi ziliwakuta wanaoishi na wanawake wenzao wakiwazidi wanawake wengine kipato, pengine kwa kuwa asiyetarajia kutunzwa na mume hujikita mapema katika ajira. Takwimu hizo zapaswa kusomwa kwa tahadhari, maana aliyejificha hakuhesabiwa.

Barua ya serikali ya kumwomba radhi Kameny ilitolewa mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 84. Kazi ile hakuirudia kamwe.